Maksai Asiyechomwa Sindano

Kwa dakika arobaini Leopoldina Toste alikuwa amesimama nyuma ya maksai wake, kikombe cha plastiki kimefungwa kwenye ncha ya mti wa fagio, na maksai hakuwa na haraka hata chembe.

"Labda ana haya," alisema Daktari Iolanda, aliyekaa juu ya ukuta wa mawe akitafuna mkate na jibini.

"Galante hana haya. Anajua anatazamwa, basi anajidai."

"Kumbe kamrithi mwenyewe."

"Kula mkate wako, mwanangu, uniache nifanye kazi."

Ilikuwa asubuhi ya Aprili, ukungu umeshuka mpaka kwenye magoti ya ng'ombe, na malisho hayo hayakuwa ya Leopoldina bali ya jirani yake Zulmira, maana wiki hiyo maksai alikuwa mgeni wa Zulmira kwa mara ya pili. Leopoldina alikuwa na miaka hamsini na tisa, mjane, mwenye ng'ombe thelathini na wawili wa maziwa na mdomo wa kuwatosha wote. Hakuwahi kushindwa na mnyama, na hakukusudia kuanzia na huyu.

Daktari Iolanda Meneses alikuwa daktari wa mifugo. Alizaliwa parokia ya tatu kutoka hapo, akaenda kusoma bara, akarudi vuli iliyopita na gari lililojaa mitego na vichupa. Kazi yake ilikuwa moja tu: kujua ni wanyama gani kisiwani wanaobeba homa ya mgunda, ugonjwa unaoenezwa na mkojo wa wanyama. Alichukua damu ya ng'ombe, mbuzi na mbwa. Alitega panya buku, panya wa mashambani, sungura wa porini na hata kalunguyeye, wale wanaojikunja wakawa mpira wa miiba ukiwagusa. Watu wa kijiji hicho, Lombo Alto, walimcheka mpaka wakachoka. Pale mkahawani walimbatiza "daktari wa panya", wakamuuliza kama wagonjwa wake huja na kitambulisho. Kicheko kilikoma siku Leopoldina alipoingia, akapiga meza kofi, akasema anayetaka kucheka aje kwanza amcheke Heliodoro.

Heliodoro ni mwanawe, mwenye miaka thelathini. Mwaka uliotangulia alirudi kutoka kukamua akilalamika misuli ya miguu, wakadhani ni mafua. Siku ya tatu macho yakawa ya manjano kama mkate wa mahindi. Alilazwa hospitali siku kumi na moja, sindano kwenye mikono yote miwili, na siku ya sita, figo zilipogoma, mama yake alipanda kilima kwa miguu hadi kwenye Imperio, kikanisa cha Roho Mtakatifu. Alipiga magoti, akaweka nadhiri: mwanangu akiinuka, Pentekoste ya mwakani nakupa Galante, na kijiji kizima kitakula. Kesho yake mgonjwa aliomba supu.

Kwa hiyo Galante hakuwa tena mali yake. Pale Lombo Alto maksai wa nadhiri huanza kutembea Sikukuu ya Watakatifu Wote, wiki moja kila nyumba, mzunguko baada ya mzunguko, ili kila mtu awe na sehemu katika shukrani. Anachanganyika na ng'ombe wa mwenyeji, anakunywa kwenye birika lao, watoto wanamfunga utepe pembeni mwa pembe. Hakuna anayemfungia geti. Na tangu siku ya ahadi hachomwi: si hereni, si chuma cha moto, si sindano. Wa Roho hachomwi, ndivyo walivyosema siku zote. Desemba, mabwana mifugo walipokuja kuchanja zizi zima la Leopoldina kwa sababu ya ugonjwa wa Heliodoro, yeye alimficha Galante, aliyekuwa amerudi kwake kwa zamu wiki hiyo, nyuma ya ghala, akamlisha mahindi kwa mkono mpaka gari lao likaondoka. Jambo hilo alijisifia wiki nzima.

Ndiyo maana Iolanda alipotaka damu ya Galante aliambiwa hapana. Lakini desturi haikusema lolote kuhusu mkojo, na Leopoldina mwenyewe ndiye aliyetoa wazo. "Chukua mkojo uandike kwenye makaratasi yako," alisema. "Huyu ni msafi kuliko padri."

Sasa aliinama, akapeleka mkono wenye glavu chini ya tumbo la maksai, akampapasa taratibu huku akimnong'oneza maneno ambayo hakumwambia mtu tangu mumewe afariki. Galante alitanua miguu.

"Haya! Haya, baba, mwaga!" Kikombe kilijaa, kikamwagikia glavu, na Leopoldina akakiinua juu kama kikombe cha mshindi. "Andika jina lake vizuri, na herufi kubwa!"

*

Wiki tatu kabla ya Pentekoste, Iolanda alikuja jikoni kwake, akawekewa mkate mtamu, asiuguse. Leopoldina alijua pale pale kwamba kuna jambo, kwa sababu binti huyo hakuwahi kuuacha mkate wa mtu salama. Mlango wa sebuleni ulikuwa wazi, na ndani Taji la Roho Mtakatifu, linalotembezwa nyumba kwa nyumba Jumapili za baada ya Pasaka, lilikuwa limewekwa juu ya madhabahu ya maua ya karatasi. Mwaka huo lilikaa kwake, kwa kuwa yeye ndiye mwenye sikukuu.

"Sema, mwanangu. Panya wanao?"

"Wanao. Nusu ya niliowanasa. Mbwa watatu. Kalunguyeye wawili kati ya kumi na mmoja."

"Si nilijua! Mwaka mzima nawatega hawa mashetani."

"Subiri, Shangazi. Ugonjwa huu una koo nyingi. Ule wa panya ni ukoo wake, na wa ng'ombe ni ukoo wake. Ng'ombe walioharibu mimba hapa Lombo Alto wana ule wa ng'ombe." Iolanda aliusogeza mkate pembeni. "Na ile karatasi ya hospitali uliyonionyesha, ya Heliodoro…"

"Ya panya."

"Ya ng'ombe, Shangazi. Aliupata akikamua."

Leopoldina alitazama dirishani, kwenye zizi lake lililopakwa chokaa, safi kuliko nyumba za watu. Mwaka mzima alikuwa amewalaani panya wasiomkosea. Aliona aibu mbele ya panya, jambo ambalo hakuwahi kulifikiria maishani.

Iolanda alikunjua ramani ya parokia yenye nukta nyekundu, kila nukta na tarehe yake. "Nieleze wewe unayejua hapa, maana mimi nimeshindwa. Kama ni maji, ungeshuka na kijito. Kama ni ng'ombe kuvuka kuta, ungetoka jirani hadi jirani. Huu unaanza kwako, unaruka hadi kwa Zulmira, unapanda kwa Onofre, unarudi chini kwa akina Rocha. Na hii namba saba iko katikati kabisa, ng'ombe kumi na wanane, na hakuna hata mmoja mwenye dalili."

"Baada ya akina Rocha," alisema Leopoldina polepole, "ni kwa mwalimu. Halafu kwa wale ndugu wawili. Halafu kwa Deolinda."

Iolanda alifuatisha tarehe kwa kidole. Alipofika kwa Deolinda aliinua uso. "Umejuaje?"

Leopoldina aliinuka. Aliondoa sumaku kwenye mlango wa friji, akachukua karatasi iliyokuwa hapo tangu Novemba, akailaza juu ya ramani. Ilikuwa ratiba ya wiki za Galante, kwa mwandiko wake mwenyewe. Kila nyumba ilikuwa na tarehe zake isipokuwa namba saba, kwa Belarmino Fagundes, ambayo alikuwa ameikata kwa mistari miwili.

"Na ule mkojo niliokinga?" aliuliza.

"Umejaa vijidudu. Mwenyewe mzima, ananenepa, na kila anapokojoa anawaachia wenzake. Wangemchanja Desemba pamoja na wengine na kumpa dawa, pengine angekuwa ameacha."

Chai ilipoa. Leopoldina aliwakumbuka ndama waliozaliwa wamekufa kwa Zulmira mwezi wa pili, na jinsi alivyomfariji mwenzake kwa kumwambia angalau Galante alikuwa ameshawatembelea. Uso ulimuwaka. Halafu woga ukamshika, woga wa kweli, akauliza.

"Bado anafaa kwa sikukuu?"

"Nyama ikiiva haina shida. Shida ni mikono ya atakayemchinja, afungue kibofu, ashike figo. Nani anachinja?"

"Aliyeponywa. Ndiyo desturi."

Wote wawili walitazama upande wa ua, ambako Heliodoro alikuwa akiosha ndoo huku akipiga mluzi. Tangu augue, madaktari walimwambia figo zake zimebaki na nguvu kidogo, azitunze.

"Zile figo haziwezi kupita hapo mara ya pili," alisema Iolanda. "Tena mpaka Pentekoste ana wiki tatu za kutembea, nyumba tatu nyingine. Nikimchoma dawa leo ataacha kumwaga ugonjwa, lakini nyama yake haitaliwa mpaka dawa imtoke mwilini. Pentekoste itakuwa imepita."

Basi mambo yalikuwa wazi. Akinyamaza, nadhiri inatimia na mwanawe anaingiza mikono kwenye ugonjwa. Akisema, anavunja neno alilompa Roho Mtakatifu, na neno hilo ndilo lililomrudishia mwanawe. Wengine wangelala kitandani siku tatu wakilifikiria. Leopoldina alifikiria muda wa kukunja ratiba mara nne na kuitia mfukoni, kisha akavaa mabuti.

"Unakwenda wapi, Shangazi?"

"Namba saba."

*

Belarmino Fagundes alikuwa mzee mrefu mwenye shingo ya bata mzinga na roho iliyokaa kwenye ncha ya ulimi. Miaka minne nyuma alidai kwamba Leopoldina, alipokuwa akijenga upya ukuta ulioanguka kwa mvua, aliusogeza nusu mita ndani ya malisho yake. Leopoldina alikana. Novemba, zamu ya Galante ilipopangwa, Belarmino alitangaza mbele ya watu kwamba maksai wa mwizi wa ardhi hatakanyaga majani yake. Kumkataa mgeni wa Roho! Watu walimsusa. Hakuna aliyemsaidia kupanda mahindi, pale mkahawani viti vilimgeuzia mgongo, na Leopoldina, kwa mamlaka ya mwenye sikukuu, aliamuru Taji lisipite mlangoni kwake Jumapili za baada ya Pasaka.

Alimkuta akirekebisha geti.

"Umepotea njia?" alisema Belarmino bila kugeuka.

"Geti lako limeoza."

"Limeoza kwa sababu hakuna mtu wa kunishikia ubao. Sijui nani kawakataza."

"Nipe huo ubao." Akaushika, na Belarmino, kwa mshangao, akapiga msumari. "Nina shida, Belarmino. Nataka maksai."

"Si unaye? Mtukufu? Anayelala kwa watu kama askofu?"

"Anaugua. Ameambukiza ng'ombe wa kila nyumba aliyoingia. Wako tu ndio wazima, kijijini kote, kwa sababu hukumpokea."

Nyundo ilibaki hewani. Uso wa Belarmino ulipita mambo mengi, na Leopoldina alijiandaa kupokea yote, kicheko na matusi na hotuba ya nusu saa. Aliyastahili. Lakini mzee aliweka nyundo chini, akajikuna shingo.

"Usije ukanifanya nabii," alisema. "Mimi nilikataa kwa chuki tu. Kila aliponipita barabarani nilitamani kumpokea, maksai mzuri vile. Nilikuwa namwangalia kwa dirisha."

"Najua. Niliona pazia."

"Na sasa unataka wangu. Yule mwekundu."

"Daktari amempima, hana kitu. Heliodoro amchinje bila mimi kufa kwa hofu. Jumapili hii Taji litaanzia kwako, kabla ya nyumba yoyote. Na nitasimama mbele ya watu wote niseme kwa nini."

"Utasema yote?"

"Yote."

Belarmino alimtazama kwa jicho moja kama anayepima ubao. "Na ukuta?"

Leopoldina alitazama ukuta. Miaka minne alikuwa amekana kwa sauti ya juu kiasi kwamba siku nyingine aliamini mwenyewe.

"Niliusogeza," alisema. "Majani ya upande wako yalikuwa mazuri."

"Nusu mita!"

"Nusu mita."

"Nilijua! Mungu wangu, nilijua! Mke wangu alifariki akiniambia naota!" Alikuwa anacheka na macho yamelowa, akaupiga ubao kofi la nguvu lililong'oa msumari wote. "Mchukue mwekundu. Mchukue, mwanamke wewe, kabla sijabadili mawazo."

*

Jumamosi majirani wote walileta ng'ombe wao pale kwenye malisho ya Leopoldina, maana alikuwa amezunguka nyumba kwa nyumba akiwaambia waje, wachanjwe bure, na wasikie neno. Walimsikiliza wakiwa wameegemea kuta. Alisema yote kwa mpangilio wa ratiba: nani alimpokea Galante wiki gani, nani alipoteza ndama, nani alifichwa nyuma ya ghala na nani aliyemficha. Hakulia wala hakujitetea. Zulmira ndiye aliyelia, kisha akasema, "Basi jitetee hata kidogo, nijue ni Leopoldina kweli," na watu wakacheka, kicheko cha kutoa pumzi.

Lakini Iolanda aliposogea na sindano, kicheko kilikatika. Kuchanjwa kwa ng'ombe wao ni sawa. Galante alikuwa na utepe mwekundu pembeni mwa pembe, na macho yote yalikuwa kwenye shingo yake. Mzee Onofre alivua kofia.

"Leopoldina," alisema, "tumtoe mwingine kwa nadhiri, sawa. Lakini huyu aliahidiwa. Wa Roho hachomwi. Ukimchoma, na kijana…" Hakumalizia, na hakuna aliyetaka amalizie.

Heliodoro alikuwa amesimama pale pale, mikono mfukoni. Leopoldina aliuona mkono wa kulia wa mwanawe, kovu dogo jeupe kwenye kiwiko, mahali mrija wa dawa ulipokuwa umeingia. Woga ulimrudia wote kwa mara moja, ule wa siku ya sita. Alimshika Galante pembe zote mbili, akainua uso kuelekea juu ya kilima, ambako Imperio lilionekana kidogo ndani ya ukungu, na akaongea kwa sauti aliyozoea kuwaitia ng'ombe.

"Unanisikia? Mwanangu ulimponya kwa sindano. Siku kumi na moja, mikono yote miwili, nilikuwa nazihesabu. Usije leo ukaniambia huzipendi!"

Maji yalikuwa yakidondoka birikani.

"Choma, mwanangu," alisema Leopoldina, na Iolanda akachoma.

Galante alipiga kwato moja, akapumua, akaanza kutafuta mahindi mfukoni mwa Leopoldina. Onofre alirudisha kofia kichwani, akaita ng'ombe wake wa kwanza kwa jina.

*

Pentekoste Heliodoro alimchinja yule mwekundu, amevaa glavu hadi viwikoni ingawa daktari alisema hakuna haja. Mama yake alisema ipo. Kisha Heliodoro alivikwa Taji mbele ya watu wote akiwa na shati lililobana, na supu ililiwa kwenye meza ndefu, mkate umelowa mchuzi, mnanaa juu, mpaka watu wakafungua mikanda. Bakuli la kwanza Leopoldina alimpelekea Belarmino kwa mikono yake miwili.

"Chumvi haitoshi," alisema Belarmino.

"Ni maksai wako. Mlaumu mwenyewe."

Jumatatu, watu wakiwa bado wamelala kwa shibe, wawili hao walikuwa kwenye ukuta wakihamisha mawe. Walikatazana kupumzika na kila jiwe lilikuwa na ugomvi wake. Heliodoro alikuja na chupa ya divai, akajaribu kunyanyua jiwe, akafokewa na pande zote mbili.

Upande wa pili, kwenye kipande chake cha malisho alikotengwa na wenzake, Galante alisogea polepole, akaweka kidevu juu ya sehemu ya ukuta iliyokwisha kujengwa, akawatazama. Alikuwa mnene, mwenye afya, na kidonda cha sindano kilikuwa hakionekani tena.

"Na huyu?" aliuliza Belarmino. "Dawa ikimtoka, utamchinja?"

Leopoldina alifuta jasho kwa kiganja. Heliodoro alikuwa amekwenda kumkuna maksai nyuma ya masikio, na kwa kuwa jua lilikuwa kali amekunja mikono ya shati, kovu jeupe liko nje.

"Huyu ametoka hospitali," alisema. "Mwache apumue. Shika hilo jiwe, bwana, acha maneno."